Kompyuta Kuukuu Chini ya Kitanda



Kila nyumba ina kitu ambacho mama angependa kukitupa, na baba hataki hata kusikia kikitajwa. Kwa jirani ni baiskeli isiyo na magurudumu. Kwa mwingine ni redio ya marehemu babu. Nyumbani kwetu ni kompyuta. Si hizi nyembamba za siku hizi, bali zile za zamani, nzito, zenye rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa manjano, ambazo ofisi zilizitoa nje na hakuna aliyezitaka. Baba watoto huzikusanya, huzifungua, huzisafisha na kuzitengeneza. Haziuzi. Furaha yake ni kuona taa ikiwaka.

Kwa muda mrefu jambo hili lilituudhi. Leo tunaliandika kwa sababu tunajua wako akina mama wenzetu wanaoishi na waume au vijana wenye mapenzi kama haya, na kwa sababu usiku mmoja lilikaribia kutuletea msiba.

ILIVYOANZA

Mwaka 2018, mmisionari mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao alimwachia baba watoto sanduku la vitu vya stoo. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, kidogo kiasi cha kubebwa kwapani kama Biblia, chenye vitufe laini vya mpira. Watoto walidhani ni cha kuchezea. Kumbe ni kompyuta nzima! Inaitwa ZX Spectrum, nayo ilianza kuuzwa Uingereza mwezi Aprili 1982 na kampuni ya Clive Sinclair. Iliyokuwa na kumbukumbu ndogo iliuzwa kwa pauni 125, na kubwa yake kwa pauni 175. Hiyo kubwa ilikuwa na kilobaiti 48 tu za kumbukumbu. Picha moja inayopigwa na simu ya leo huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara makumi.

Kompyuta hiyo haina kioo chake. Huunganishwa na televisheni, na ile yetu ya chogo, tuliyokuwa tumeiweka stoo, ndiyo iliyofaa. Wala haina mahali pa kuhifadhia kazi. Programu zake ziko kwenye kaseti, kaseti zilezile tulizosikilizia kwaya. Unaiunganisha na redio kaseti, unabonyeza, inapiga kelele kali kama panzi elfu moja, kisha unangoja dakika kadhaa. Sauti ikiwa ndogo mno au kubwa mno, inakataa, nawe unaanza upya.

Baba watoto alikaa nayo majuma mawili. Utando ulio chini ya vitufe ulikuwa umekauka na kukatika, kama unavyofanya kwa nyingi za umri huo. Umeme wake nao una mtego: adapta ni ya volti 9, lakini hasi iko katikati na chanya iko nje, kinyume cha adapta nyingi za madukani. Mtu akichomeka bila kupima anaweza kuiua papo hapo. Yeye alipima kwanza. Jioni ilipowaka, maandishi madogo yakatokea chini ya kioo yakionyesha mwaka 1982, na mtu mzima yule akapiga makofi peke yake.

Baada ya hapo zikafuata nyingine. Nyingi zilikuwa zile za ofisini za aina ya 486, ambazo chipu yake ilitoka mwaka 1989. Wengi wetu tulizifahamu hizo katika miaka ya 1990. Hapa Tanzania kompyuta zilichelewa kutufikia watu wa kawaida. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya mlango kufunguliwa. Kwa hiyo baba watoto anapoifungua 486 anafungua ujana wake. Ndiyo mashine ya kwanza aliyoiona kwa macho akiwa kijana, tena kwa kuchungulia dirishani.

TULIPOANZA KUNUNG'UNIKA

Sisi hatukuliona hilo. Tuliona vumbi. Tuliona kitanda cha wageni kikiinuliwa kwa matofali ili masanduku yaingie chini yake. Mwezi mmoja fedha iliyotengwa kwa ajili ya sare za shule za binti yetu ilinunua kibodi na waya. Binti akaripoti shuleni na sketi iliyofupika, akicheka ili tusione kwamba anaona haya.

Hatukusema. Tulipika, tukapakua, tukanyamaza. Mama mwenzetu, kunyamaza kwa mke si amani siku zote. Wakati mwingine ni sufuria iliyofunikwa ikichemka. Naye baba watoto, alipouona uso wetu, alizidi kukimbilia kwenye mashine zake, kwa maana zenyewe hazikununa.

USIKU WA BETRI

Ilikuwa jioni ya Agosti 2022. Katika kompyuta nyingi za mezani kuna betri bapa ya mviringo, ya kung'aa, yenye upana wa milimita 20, kama sarafu. Kazi yake ni kutunza saa na tarehe mashine inapozimwa. Baba watoto alikuwa amezitoa tatu na kuziweka kwenye kisahani mezani. Simu ikaita, akatoka nje kuzungumza. Aliporudi, kisahani kilikuwa na betri mbili, na kitinda mimba wetu wa miaka mitatu alikuwa amesimama karibu na meza, mkono mdomoni.

Sisi wauguzi tunafundishwa kutulia mbele ya mgonjwa. Mbele ya mwanao, mafunzo hukimbia. Tulijua kwamba betri ya namna ile ikikwama kwenye koo la chakula haisubiri kuvuja. Unyevu wa mwili huiwezesha kupitisha umeme, na pale inapogusa nyama hutengenezwa kitu kikali mfano wa magadi ya kutengenezea sabuni. Kwa muda wa saa mbili tu inaweza kuunguza vibaya. Hata ile inayoitwa imekufa huweza kufanya hivyo. Tena mtoto anaweza asikohoe, asilie, akacheza kama kawaida.

Hatukumtapisha. Hatukungoja dalili. Tulimfunga kanga, baba watoto akasimamisha bodaboda, tukaenda hospitali na kuomba picha ya eksirei mara moja. Njiani hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Tuliomba tu, kila mtu kimoyomoyo.

Nyumbani, kijana wetu wa miaka 16 na dada yake walibaki wakitafuta. Waliwasha taa zote, wakasogeza makochi, wakafagia kila pembe, kama yule mwanamke wa Luka sura ya 15 aliyepoteza shilingi yake. Saa nne usiku simu ikalia. Betri ilikuwa chini ya mguu wa kabati la vyombo. Dakika chache baadaye picha ikatoka: tumbo na kifua cha mtoto vilikuwa safi. Tulikaa kwenye benchi la hospitali tukalia, wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kushikana mikono.

TULIYOZUNGUMZA

Kesho yake tulitaka vitu vyote vitupwe. Baba watoto hakubisha. Alianza kuvibeba mwenyewe kuvipeleka nje, sanduku moja baada ya jingine, bila neno. Tulipomwona akiibeba ile ndogo nyeusi kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto, tulimwambia, "Baba, keti kwanza tuzungumze."

Ndipo aliposema jambo ambalo hatukuwahi kumwuliza. Kazini kwake, alisema, mambo mengi yamevunjika na hana uwezo wa kuyatengeneza. Hizi mashine anaziweza. Zikifunguliwa, sehemu zake zinaonekana kwa macho, zinapimika, na mtu mwenye subira huona kosa lilipo. "Nikiponya kimoja, usingizi unakuja," akasema.

Nasi tukasema letu: sare za shule, vumbi, na hofu. Hakujua kwamba binti aliona haya. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba radhi, kwetu na kwa binti.

Tulikubaliana haya, na tunawapa ninyi pia:

1. Mahali pamoja. Kibanda cha nyuma kilichokuwa cha kuku kilisafishwa, kikatiwa dirisha na kufuli. Hakuna kazi ya kompyuta mezani pa chakula wala chumbani.

2. Fedha inayojulikana. Kila mwezi kuna kiasi kidogo tunachokubaliana wote wawili, baada ya zaka, chakula na shule. Kikiisha, kimeisha.

3. Betri zote huhesabiwa na kuwekwa kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Mashine za zamani zaidi zina betri kama pipa dogo iliyochomelewa kwenye bodi. Hiyo huvuja na kula njia za shaba. Baba watoto huitoa mapema, kisha hufuta uchafu wake kwa siki kidogo akiwa amevaa glavu na miwani. Ikimrukia mtu jichoni, aoshe kwa maji safi yanayotiririka muda usiopungua dakika 20, kisha aende hospitali.

4. Tahadhari na risasi. Waya wa kuchomelea wa aina ya zamani una madini ya risasi. Moshi unaoonekana hasa ni wa dawa iliyo ndani ya waya, nao huudhi mapafu, hasa ya mwenye pumu; kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe huingia zaidi kwa mikono kwenda mdomoni. Hakuna kula wala kunywa kibandani, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mama mjamzito na watoto wadogo wakae mbali kabisa, kwa sababu hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

5. Chogo halifunguliwi. Kioo cha namna ile huweza kutunza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hilo ni la fundi aliyesomea televisheni. Hata lile sanduku la umeme lililo ndani ya kompyuta hubaki na umeme wa kudhuru kwa muda.

6. Hatuchomi moto nyaya ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwetu na kwa majirani.

MATUNDA TULIYOYAONA

Hatukutegemea matunda, lakini yapo. Kijana wetu alikuwa ameanza kukaa kijiweni jioni. Tangu usiku ule amekuwa mtu wa kibandani pamoja na baba yake. Hawazungumzi sana. Mmoja ameshika tochi, mwingine ameshika bisibisi. Lakini tumesikia, tukipita na beseni la nguo, akimwuliza baba yake mambo ambayo kijana hamwulizi baba akiwa wamekaa uso kwa uso.

Binti yetu naye siku moja alisema hizo ni kazi za wanaume. Baba yake akamketisha akamweleza habari za ENIAC, kompyuta kubwa iliyoonyeshwa kwa watu Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani. Ilikuwa na vali za umeme karibu 18,000 na uzito wa tani zipatazo 30. Waliotafuta namna ya kuipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walijifunza kwa kusoma michoro ya mashine. Siku ya sherehe hawakutambulishwa kwa wageni. Ilipita miaka mingi, na mwaka 1997 ndipo wote sita walipotunukiwa heshima hadharani kwa kazi yao. Binti alisikiliza, kisha akauliza, "Bisibisi ndogo iko wapi?"

Sasa ndiye anayesafisha kibodi. Hung'oa vitufe kimoja kimoja, huviosha kwa maji ya sabuni kama tunavyoosha vikombe, huvikausha kivulini na kuvirudisha kwa mpangilio. Watoto wa shule ya Jumapili walipotembelea kibanda, yeye ndiye aliyewaonyesha jinsi programu inavyotoka kwenye kaseti. Walicheka sana kelele zile. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa anajua kusoma namba, alisimama mlangoni, nje ya mstari wa chaki aliochorewa.

NENO LA MWISHO

Mama mwenzetu, huenda kwako si kompyuta. Huenda ni njiwa, au kamera, au gari bovu lililoegeshwa uani. Kabla ya kulitupa, uliza swali moja: linampa nini mwenzako ambacho hakipati kwingine? Na kabla ya kulinyamazia, sema linakugharimu nini. Sisi tulichelewa kuyafanya yote mawili, tukazungumza baada ya kutishwa. Ninyi msingoje kutishwa.

Wiki iliyopita baba watoto alileta sanduku jingine. Alisimama mlangoni kwanza, akasema bei yake, akangoja jibu. Tulilitazama. Lilikuwa na vumbi jingi. Tukamwambia alipitishie nyuma.