Kwa nini hawataki kamera kwenye rolakosta? Siyo roho mbaya, wadau!

Juzi nilikuwa kafe na washkaji wawili tunaangalia video za rolakosta, zile treni za kwenye viwanja vya burudani huko Ulaya na Marekani, zinapanda juu kama mnara halafu zinaporomoka watu wakipiga kelele. Mmoja akasema, "Jamaa wanakataza kamera ili wakuuzie picha zao." Tukacheka. Lakini mimi nina kisa changu, nitakuja nacho chini, kwa hiyo nikaamua kuliandikia hili.

Tuwe wakweli: picha wanauza kweli. Kamera yao imefungwa kwa nati pembeni ya reli, ukishuka unakuta sura yako kwenye skrini na bei yake. Lakini kamera hiyo haiendi popote. Ya kwako iko mkononi, na kesi inaanzia hapo.

Chukua simu ya gramu 200. Treni ikikimbia kilometa 100 kwa saa, simu nayo inakimbia 100. Ikikuponyoka haisimami, inaendelea na mwendo uleule mpaka ikutane na kitu. Nimepiga hesabu kwa fizikia yangu ya sekondari: ni sawa na simu iliyodondoshwa kutoka mita 39 hivi juu, yaani kama ghorofa ya 13! Sasa fikiria inakutana na uso wa mtu aliye kwenye foleni chini. Kule Abu Dhabi kuna Formula Rossa, ilifunguliwa 2010, inafika kilometa 240 kwa saa. Abiria wake wanavaa miwani kukinga macho na vumbi na wadudu. Kama mdudu tu ni hatari, simu je?

Na fimbo za selfi? Wajenzi wa rolakosta wanapima nafasi kati ya abiria na nguzo kwa kufuata urefu wa mkono wa binadamu. Ukiongeza fimbo ya mita moja umeshaharibu hesabu yote. Juni 2015, rolakosta ya California Screamin' kwenye kiwanja cha Disney ilisimamishwa baada ya abiria kutoa fimbo yake safarini. Mwisho wa mwezi huohuo Disney wakazipiga marufuku kabisa kwenye viwanja vyao vya Marekani.

Kilichoniuma zaidi ni cha Cedar Point, Ohio, Agosti 2015. Mwanaume mmoja alipanda rolakosta iitwayo Raptor, akashuka salama salimini. Kumbe simu ilikuwa imeanguka. Akaruka uzio kwenda kuitafuta, treni ikamgonga, akafa. Jamani, kwa ajili ya simu!

Mtasema mbona 2019 kule Hispania, kwenye Shambhala, jamaa aliidaka hewani simu ya mtu mwingine? Kweli, video ipo. Ile ni bahati, msiigeuze kuwa ujuzi.

Sasa kisa changu. Idd moja nilipanda bembea la kuzunguka, la mtaani tu, huku narekodi. Simu ikachomoka, ikapita karibu na kichwa cha mtoto aliyekuwa anakula ubuyu, ikapasukia ukutani. Watu walinipa pole ya simu. Mimi usiku nikawa namuota yule mtoto.

Kwa hiyo ukibahatika kufika huko, sheria za kila kiwanja zinatofautiana, soma kibao cha mlangoni. Wengine wana makabati ya kuweka vitu. VelociCoaster ya Orlando, iliyofunguliwa 2021, ina mpaka mashine za kukagua vyuma kabla hujapanda. Kama hakuna kabati, mwachie vitu mwenzako asiyepanda. Na kikidondoka, USIRUKE UZIO. Mwambie mhudumu, wenyewe wanajua lini treni imesimama na pa kupita.

Hata kwenye mabembea yetu ya sikukuu, ambako hakuna kibao wala mtu wa kukukataza, weka simu mfukoni. Simu utanunua nyingine, hata kwa mkopo.

Haya, naomba kuwasilisha. Nani ameshaona kitu kikiruka kutoka kwenye bembea? Tupeni maoni hapo chini, matusi hapana.