Nywele Zikitoka, Nyusi Nazo Hufuata

Mwanamke wa Singida anayeanza tibakemikali ya saratani ya matiti huwa na mengi ya kupanga: nauli, watoto wabaki na nani, alizeti ipaliliwe na nani. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kwa barabara. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, na ya KCMC iko Moshi. Nywele huja kukumbukwa asubuhi anapoamka na kuzikuta zimejaa kwenye mto wa kulalia.

Kwa kawaida hilo hutokea wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza. Dozi nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, hivyo wengi huwa wamesharudi nyumbani: mbali na daktari, karibu na majirani.

Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na seli za saratani ndivyo zilivyo. Tatizo ni kwamba mashina ya nywele nayo yana kasi hiyohiyo, kwani karibu asilimia 90 ya nywele za kichwani huwa zinakua wakati wowote ule. Doxorubicin, ile dripu nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, huondoa karibu zote. Paclitaxel na docetaxel nazo hazina huruma. Kope na nyusi hupukutika, na vinyweleo vya puani vikitoka, kamasi hutiririka bila mafua.

Wengine hunyoa mapema, na ni uamuzi wa busara. Kusuka twende kilioni au rasta za kubana wakati huu ni kuzivuta nywele ambazo tayari zimelegea. Isitoshe, kichwa kilichonyolewa si ajabu Tanzania. Wasichana wangapi wamemaliza shule bila kuwahi kusuka? Kinachowafanya watu wageuke ni uso usio na nyusi. Hapo wanja husaidia kuliko wigi la bei mbaya: vidoti vidogovidogo kwanza, kisha mstari mwembamba wa kuviunganisha.

Kuhusu kujifunika, khanga ya pamba hushika vizuri. Mtandio wa nailoni huteleza kwenye kipara, na upepo wa Singida, uliowafanya watu wafikirie kuzalisha umeme, hauhitaji kualikwa. Jua nalo huchoma ngozi ambayo haijazoea kuliona.

Dozi zikiisha, baada ya wiki chache huanza kuota malaika, na kati ya miezi 3 na 6 kichwa huwa kimefunikwa tena. Mshangao wa pili huja hapo. Aliyekuwa na kipilipili kigumu anaweza kuota nywele laini zenye mawimbi. Mwingine huota mvi, mwingine huota nywele zilizojikunja kuliko za awali. Kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita. Wapo wachache, hasa waliotumia docetaxel, ambao nywele zao hazirudi zote, na ni haki yao kuambiwa mapema. Tamoxifen, kidonge kinachomezwa kwa miaka, nacho huweza kuzifanya nywele ziwe nyepesi.

Kishawishi cha kukimbilia saluni ni kikubwa. Dawa ya kulainisha na rangi zisubiri angalau miezi 6, kwa sababu ngozi bado ni laini mno. Mafuta yasiyo na manukato yanatosha, ila yasipewe sifa ya kuzuia nywele zisitoke.

Kibaya zaidi ni maneno ya mtaani. Kipara na kukonda huzua minong'ono ya UKIMWI au kurogwa, na mgonjwa hujifungia ndani, hata akafikiria kuacha dozi zilizobaki. Ndugu wa karibu wana kazi hapo: kuwaeleza watu bila kuficha, na kumsindikiza siku ya dripu. Mgonjwa naye ajue kwamba kutoka au kutotoka kwa nywele hakuonyeshi kama dawa inafanya kazi. Hilo huonekana kwenye vipimo. Nywele si dharura, lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi cha dozi ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.