Kikunjo cha Akiba: Habari za Marinda, Vikunjo na Darizi kutoka Lushoto

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huanza kutafuta nguo nzito kabla hajafika Soni. Chini Mombo alikuwa akifuta jasho. Huku juu, baada ya kona zisizohesabika, mwamba upande huu na korongo upande ule, ukungu waingia dirishani mwa gari. Sisi tulipanda mwezi wa Julai, na Julai katika milima ya Usambara si mwezi wa mzaha. Lililotupeleka lilikuwa jambo la nyumbani tu. Tulitaka kuketi na mafundi wa cherehani walio barazani karibu na soko, tujifunze namna wanavyokipa kitambaa umbo, ili tupate kuwaandikia mabibi wasomaji wetu.

Kitambaa kinapotoka dukani ni bapa kama karatasi; hakina mlima wala bonde. Fundi ndiye akitiaye migongo na mifereji, ama kwa kukikunja, ama kwa kukikusanya na uzi, ama kwa kutia kitu katikati ya nguo mbili na kuzishona pamoja. Marinda ya sketi, frili za gauni la Idd, kazi ya kofia na shuka nene la mtoto mchanga, yote yatoka katika mambo hayo. Basi tulidhani tunakwenda kujifunza mapambo. Lakini siku ya kwanza tu, kabla chai yetu haijapoa, tulikutana na habari ya sketi moja ya shule, nayo ndiyo iliyotushughulisha kuliko mapambo yote.

Fundi tuliyeketi naye ni mzee wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja mama mmoja na binti yake wa darasa la nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwa fupi tena?"

"Imekuwa fupi, baba. Uliniwekea vikunjo vitatu, basi leo nimekuja kuchukua kimoja."

Yafaa tueleze maneno hayo. Kikunjo cha akiba ni mkunjo ushonwao kuizunguka sketi nzima, juu kidogo ya upindo, ukalazwa chini na kupigwa pasi. Mtu asiyejua hudhani ni pambo, na kwa kweli hupendeza kama pambo. Kikunjo chenye upana wa sentimita 2 hula kitambaa cha sentimita 4, kwa kuwa kitambaa huenda na kurudi. Vikunjo vitatu vitakula sentimita 12. Mtoto wa miaka 7 hata 10 kwa kawaida hurefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na nusu tu hivi ya urefu huo ndiyo idaiwayo na sketi. Kwa hiyo kikunjo kimoja kikifumuliwa chaweza kumsitiri binti mwaka mzima na zaidi.

Nasi twajua kwa nini mama yule alikuwa na haraka. Sketi ya binti wa Kiislamu hushonwa ifike chini, na kila mwezi mtoto anaokua, sketi hupanda. "Ikipita kifundo cha mguu ikaanza kupanda, mimi sina amani," alituambia, "na mpya sina uwezo nayo mpaka Januari." Ada katika shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2001, na Januari 2016 elimu bila ada ilifika hata kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi, na mwenye watoto watatu au wanne hununua sare kama alipaye kodi.

Fundi akachukua wembe, akafumua kikunjo cha chini, akapiga pasi ya mkaa, akainua sketi ili sote tuione. Hapo tukanyamaza. Katika sketi iliyopauka kwa jua na sabuni, palikuwa na mshipi wa bluu mbivu, mpana wa sentimita 4, ukizunguka kama mstari wa ramani. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya mkunjo na nyuma yake kilikuwa hakijaona jua kwa muda wa miaka miwili. Tena juu ya mshipi ule palikuwa na mstari mweupe, pale ukingo wa mkunjo uliposuguliwa na kila kiti na kila ukuta.

Binti akatazama chini. "Wataniita punda milia," alisema kwa sauti ndogo.

Mama alianza kumkemea, kwamba stara ni bora kuliko maneno ya watoto. Fundi akamzuia kwa mkono. Sisi kwa upande wetu twaona kwamba mama alikuwa na haki na mtoto pia alikuwa na haki. Mtoto anayechekwa kila asubuhi hupata sababu ya kuchelewa njiani, kisha sababu ya kuumwa tumbo, na mwisho wake wazazi wengi wanaujua.

Fundi aliigeuza sketi ndani nje, akaitazama kwa muda. Upande wa ndani jua halikuwa limeuchoma sana, na mshipi ulionekana kwa shida. Akasema ataifumua yote, kiuno na mishono ya kando, ageuze kitambaa ili ndani iwe nje, kisha aishone upya. Ilikuwa sketi yenye marinda mawili tu mbele na mawili nyuma, kwa hiyo yawezekana. Sketi ya marinda matupu asingethubutu. Hii ni kazi ya mafundi wa zamani, waliokuwa wakigeuza hata makoti. Si kila kitambaa hukubali: chenye maua ya kupigwa chapa upande mmoja hakigeuziki, lakini cha rangi moja kilichofumwa sawa pande zote mbili hukubali. Akawaambia waje Alhamisi.

Walipoondoka tulimwuliza kama kosa lilikuwa katika kikunjo. Akajibu kwamba kosa lilikuwa mahali pa kikunjo, na kosa lenyewe ni lake. Tangu siku hizo amekwisha kubadili: akiba ya mtoto wa Lushoto huiweka juu, chini kidogo ya mkanda wa kiuno. Huku mtoto huvaa sweta karibu mwaka mzima, na sweta hufunika mahali hapo. Kikunjo kikifumuliwa, mshipi wa rangi mbivu hukaa chini ya sweta, na hakuna aujuaye ila mama na fundi. Tulicheka, kwa kuwa dawa hii isingefaa Tanga, ambako mtoto angeyeyuka kwa joto.

Mabibi wapendao kuijaribu kazi hii nyumbani wasikilize mambo machache. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa sababu hurudi, na kikirudi baada ya kushonwa akiba yote imekwisha. Kikunjo cha akiba kisishonwe kwa mshono mdogo wa cherehani. Kipigwe bandi kwa mkono, au cherehani iwekwe mshono mrefu na sindano nyembamba, nambari 11 kwa kitambaa chepesi. Sindano nene huacha matundu, na vitambaa vya kisasa vyenye nyuzi za kiwandani havisahau tundu. Pasi ya moto mkali nayo huviharibu: mkunjo uliochomwa humo hautoki tena. Na kwa sketi ya marinda matupu, kikunjo kisipitishwe juu ya marinda hata kidogo, maana tabaka tatu zikikunjwa huwa tisa, na sindano huvunjika. Afadhali kitambaa kizidishwe juu na kulazwa ndani ya kiuno, kisha mkanda ushushwe wakati wake ukifika.

Tukiwa katika marinda, hatuna budi kugusa jambo linaloleta ugomvi kati ya mafundi na wateja. Mteja huleta kitambaa, akaletewa sketi, akaona marinda yamekuwa membamba, akadhani fundi amebana kitambaa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Rinda kamili hula kitambaa mara tatu, kwa kuwa sehemu moja yaonekana na mbili zimelala chini yake. Binti mwenye kiuno cha sentimita 60 ahitaji mzunguko wa sentimita 180, mbali na mishono. Vitambaa vingi vya sare vina upana wa sentimita 150. Basi aliyenunua urefu wa sketi moja tu hataweza kupata marinda kamili, hata fundi awe na uaminifu wa namna gani. Mwenye kuijua hesabu hii hatamsingizia mtu, wala hatadanganywa.

Kukusanya kwa uzi ni kazi ya subira zaidi. Hupigwa safu za bandi zilizolingana, nusu sentimita au zaidi kidogo kati ya tone na tone, nyuzi zikavutwa pamoja hata kitambaa kikasimama katika vikunjo vidogo kama mapezi ya samaki. Kisha hushonwa kwa uzi wa rangi juu ya migongo ya vikunjo hivyo, pasipo kukaza, na nyuzi za kwanza huondolewa. Kifua cha gauni kilichofanywa hivi huvutika na kurudi. Wachungaji na waendesha magari ya farasi wa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 walivaa nguo pana za kazini zilizoshonwa hivyo, wapate nafasi ya kuinua mikono, zamani ambazo lastiki haijaingia katika nguo. Mwanafunzi na aanze na kitambaa cha drafti, maana miraba yake yamwonyesha pa kuchoma sindano. Mafundi wengi siku hizi hutia uzi wa lastiki katika bobini na kumaliza kwa dakika chache. Hatuwalaumu, mteja asiyelipia subira hawezi kuidai. Ila lastiki hufa kwa jua na maji ya moto, na gauni hulegea.

Kwa watoto wadogo sisi twaipenda kazi hii kuliko frili. Katika nyumba za milimani watu huota moto jikoni jioni nzima, na frili za mikono na pindo huning'inia karibu na mafiga. Nguo za nyuzi za kiwandani zikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Gauni la Idd lenye ngazi tatu za frili lipendeze msikitini na barazani, kisha livuliwe kabla ya kuingia jikoni.

Na baridi yenyewe je? Wajerumani walioupa mji huu jina la Wilhelmstal walipanda huku kulikimbia joto la pwani. Mwenyeji hana pa kuikimbilia baridi, yambidi aishonee nguo. Tulionyeshwa shuka la mtoto mchanga lililofanywa kwa khanga mbili kuukuu, na katikati kipande cha blanketi lililochakaa, vyote vimedariziwa kwa mistari iliyopishana kama kiganja cha mkono. Si uzito wa shuka uletao joto, bali ni hewa iliyokaa ndani yake bila kutembea. Kwa hiyo mistari ikisongamana sana shuka hupendeza lakini hupoa, maana uzi umeikamua hewa yote. Ikiachana mno, ujazo hukimbilia pembeni baada ya kufuliwa mara mbili.

Katika kofia, kinyume chake ndicho kitakiwacho. Siku ya Ijumaa tulitazama vichwa vilivyo mbele yetu, tukaona kofia za kazi za mkono za namna zisemwazo Zanzibar na Lamu: nguo mbili nyeupe zimeshikanishwa kwa mishono iliyosongamana, na katikati yake matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja. Migongo ya mishono huipa kofia ugumu wa kusimama, na matundu huiachia hewa ipite. Waomani nao wana kofia ya jamaa moja na hiyo, waiitayo kumma. Kofia kama hizi zifuliwe kwa mkono, zitiwe wanga, zianikwe juu ya bakuli lililofudikizwa. Zikikamuliwa kama kitambaa cha vyombo, kazi ya wiki nyingi imelala chini.

Alhamisi tulikuwa pale barazani. Sketi ilikuwa tayari, rangi yake moja toka juu hata chini kwa mtu asiyeinama kuichunguza, na upindo ulifika pale mama alipotaka. Karibu na kiuno palikuwa na kikunjo kipya. Mama alikipapasa, akauliza cha nini.

"Hicho ni cha darasa la tano," fundi alimjibu.

Binti aliivaa nyuma ya pazia, akavuta sweta lake chini, akageuka mara mbili kutazama nyuma yake, akatoka mbio kuelekea sokoni kabla mama yake hajamaliza kulipa.