Nusu ya Moto Iko Ubavuni

Chukua njiti ya kiberiti uikwaruze ukutani. Haiwaki. Jaribu kwenye soli ya kiatu au kwenye jiwe, utavunja njiti boksi zima na jiko bado limepoa. Ipitishe mara moja kwenye ule ubavu wa kahawia wa kisanduku chake, moto huo hapo. Wengi hudhani moto wote umo kichwani mwa njiti, na ubavu ni msasa tu wa kukwaruzia. Kumbe dawa zenyewe zimegawanywa makusudi: nyingine kichwani, nyingine ubavuni. Kabla mgawanyo huo haujaenea, watu walioza mataya.

Habari yenyewe inaanzia kwenye mkojo. Mwaka 1669, mjini Hamburg, Ujerumani, Hennig Brand alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza dhahabu. Alikusanya mkojo mwingi, akauchemsha hadi ukabaki uji mzito, kisha akauchoma kwa moto mkali. Dhahabu hakuiona. Alipata kitu cheupe kama nta, kinachong'aa gizani na kuwaka chenyewe hewani kikipata joto kidogo. Hiyo ndiyo fosforasi. Huingia mwilini kwa chakula, sehemu kubwa hukaa mifupani, na inayozidi hutoka na mkojo. Brand hakuwa na wazo lolote la kuwashia jiko, na zaidi ya miaka 150 ilipita kabla ya mtu kuuza njiti ya kukwaruza.

Mtu huyo alikuwa John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees, Uingereza. Daftari la duka lake linaonyesha aliuza za kwanza Aprili 1827. Hazikuwa na fosforasi hata chembe. Alichanganya antimoni salfaidi, potasiamu kloreti na gundi, na mnunuzi alipewa kipande cha msasa, akikunje, abane njiti katikati na kuichomoa kwa nguvu. Walker hakuomba hataza, na haikupita muda wengine wakaiga na kupata fedha ambazo zingekuwa zake. La kuchekesha zaidi ni kwamba kiberiti cha gesi, hiki tunachokiona cha kisasa, kina babu aliyemtangulia Walker. Mwaka 1823, mwanakemia Johann Döbereiner wa Jena aliunda chombo cha kioo ambamo zinki na asidi zilitoa gesi ya hidrojeni, gesi ikapulizwa juu ya platini, ikashika moto. Kilikuwa kikubwa cha kukaa mezani, si cha mfukoni.

Njiti za Walker zilikuwa na ukaidi, na harufu yake ilichoma pua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1830, fosforasi nyeupe ya Brand ikaingizwa kichwani mwa njiti, na hapo kiberiti kikawa rahisi kupita kiasi. Kiliwaka popote: ukutani, kwenye kiatu, hata mfukoni bila kukusudia. Pia kilikuwa sumu. Ila walioumia zaidi hawakuwa wanunuzi. Ni wale waliochovya na kufungasha njiti viwandani, wengi wao wanawake na wasichana, waliokuwa wakivuta mvuke wa fosforasi kutwa nzima na kula chakula chao palepale kazini. Maradhi yalianza kama jino linalouma. Baadaye ufizi ulivimba na kutoa usaha, kisha mfupa wa taya ukaoza ndani ya mdomo wa mtu aliye hai. Mara nyingi tiba ilikuwa kulikata taya lenyewe.

Julai 1888, wafanyakazi wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May, mashariki mwa London, waligoma. Walilalamikia mishahara duni na faini walizokatwa kwa makosa madogo madogo. Walishinda: faini zilifutwa, wakapewa mahali pa kulia mbali na sumu. Fosforasi nyeupe yenyewe iliendelea kutumika humo kwa zaidi ya miaka 10.

Hapo ndipo ninapokasirika, maana jawabu lilikuwapo muda mrefu. Fosforasi ina sura nyingine, nyekundu, isiyowaka ovyo wala kuozesha mfupa. Mwaka 1844, Gustaf Erik Pasch wa Sweden alipata hataza ya wazo la kuiondoa kwenye njiti na kuipaka kwenye kisanduku. Ndugu wawili, Johan na Carl Lundström wa mji wa Jönköping, waliliboresha wazo hilo na kulifanyia biashara katika miaka ya 1850. Tatizo lilikuwa bei. Fosforasi nyekundu ilikuwa ghali, na wanunuzi walipenda njiti ya kuwaka popote. Finland ilipiga marufuku ile nyeupe mwaka 1872. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulitiwa saini Bern, Uswisi, mwaka 1906, miaka 62 baada ya hataza ya Pasch.

Sasa tazama kinachotokea unapokwaruza. Msuguano unatoa joto, na chembe ndogo sana ya fosforasi nyekundu ya ubavuni inageuka kwa kitambo kuwa ile nyeupe, inawaka. Cheche hiyo inaiamsha potasiamu kloreti ya kichwani, inayoachia oksijeni, na salfa iliyo pembeni yake inashika moto. Njiti imechovywa nta upande wa kichwa ili mwali upate cha kushikilia. Nyingi hulowekwa pia kwenye chumvi ya amonia ili ukiizima isibaki na kaa jekundu la kuunguza jalala.

Biashara hii ndogo ilizaa tajiri wa ajabu. Msweden Ivar Kreuger alikuwa akizikopesha serikali zenye shida ya fedha, nazo zikimpa haki ya kuuza kiberiti peke yake nchini mwao. Aliikopesha Ujerumani dola milioni 125, kwa mkataba wa mwaka 1929. Kreuger alikufa Paris mwaka 1932, na himaya yake ikaporomoka huku udanganyifu wa mahesabu yake ukifichuka. Mkataba na Ujerumani ulibaki. Wajerumani wa Magharibi walipata uhuru wa kununua kiberiti kutoka kwa wamtakaye mwaka 1983.