Usingoje Dalili: Uje Mapema, Kisha Urudi



Swali tunaloulizwa mara nyingi, kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa, ni hili: "Sista, nilikutana na mtu siku chache zilizopita, bila kinga. Sisikii maumivu yoyote. Je, nimesalimika?"

Kutosikia maumivu si kipimo. Kisonono kwa mwanaume huonekana mapema, mara nyingi kati ya siku 2 na 7, kwa usaha na maumivu wakati wa kukojoa. Lakini wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote, na klamidia hukaa kimya kwa wanawake na hata kwa wanaume. Kaswende ndiyo yenye hila zaidi. Kidonda chake hutokea kati ya siku 10 na 90, kwa kawaida kama wiki 3, nacho hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani ya uke asikione kabisa. Baada ya wiki chache hukauka chenyewe. Mtu anashukuru, kumbe vijidudu vimekwisha kuenea mwilini, na miaka mingi baadaye vinaweza kuharibu moyo na ubongo.

Basi uje lini? Uje leo. Hapa wengi hujichanganya. Wamesikia kwamba kipimo cha VVU huhitaji miezi 3 kutoa jibu la hakika, nao hukaa nyumbani kuingoja. Zipo dawa za kuzuia VVU visijijenge mwilini, ila lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tendo, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Aliyejihatarisha Ijumaa usiku, ikifika Jumatatu usiku muda wake umekwisha. Aliyebakwa naye asingoje kumalizana na wazee wa ukoo; aletwe hospitali moja kwa moja, kabla ya kuoga.

Siku hiyo ya kwanza tunapima damu ili kujua ulikuwa na hali gani kabla. Jibu safi la siku hiyo halisemi lolote juu ya tendo la juzi. Ndiyo maana unapangiwa tarehe ya kurudi kupima VVU na kaswende, na shauri halifungwi kabla miezi 3 haijatimia. Waliomeza dawa za siku 28 hupangiwa tarehe zao na mhudumu. Wakati wote huo jiepushe na tendo la ndoa.

Ukifika, sema wazi kilichotokea na siku yenyewe. Zahanati nyingi hazina kipimo cha klamidia, hivyo mhudumu hutibu kwa kufuata dalili anazoelezwa. Ukisema tu "tumbo linauma", utapewa dawa ya tumbo.

Wengine hupitia duka la dawa na kununua kapsuli chache. Kisonono kimekwisha kuzizoea dawa nyingi za zamani, na dozi pungufu hutuliza usaha bila kuua ugonjwa. Tena magonjwa haya hurahisisha njia ya VVU. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba palipoboreshwa matibabu ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vilivyolinganishwa navyo.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, yaani nyumbani. Mume anatibiwa kwa siri, mke haambiwi, na baada ya wiki chache ugonjwa umemrudia mume. Miaka inapita hakuna mtoto, kwa kuwa mirija ya mama imeziba, na ukoo mzima unamnyooshea kidole yeye. Wazee walisema mficha uchi hazai. Hapa anayekosa kuzaa mara nyingi si yule aliyeficha. Ndiyo maana tunampa mgonjwa karatasi ya kumwita mwenzi wake. Ukishindwa kusema peke yako, njooni wote wawili, tutawasaidia kuzungumza. Siri ya mgonjwa hatuitoi nje ya chumba.

Mke akiwa mjamzito, asifichwe hata siku moja. Kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni, na kisonono kinaweza kumpofusha anapozaliwa. Sindano ya penisilini ya kaswende ni salama kwa mama huyo, nayo humlinda na mtoto, hasa ikitolewa mapema. Hata kama damu yake ilikuwa safi alipoanza kliniki, amwambie mkunga apimwe tena.