Ndinga ya upepo Tabora: Miguu kwanza, tabo baadaye

SAA nane za usiku hakuna anayeangalia rimu. Mtoto anachemka kwa homa, mama yake ameshambeba mgongoni, na gari pekee la nyumbani liko uani, linasubiriwa limkimbize Hospitali ya Kitete. Kama gari hilo limelala tumbo chini kwa sababu mfuko mmoja wa upepo ulikuwa unavuja tangu jioni, sifa zote za kijiweni zinaishia hapohapo.

Huo ndio mtihani wa kila ndinga inayofanyiwa mambo mjini Tabora. Kwenye mitaa ya Chemchem, kama ilivyo kwenye mitaa mingine ya mji huo, sedani si pambo la Jumapili tu. Inapeleka watoto shule, inabeba gunia la mchele, inakwenda msibani Sikonge, halafu Jumamosi inaoshwa ing'ae chini ya mwembe. Mwenye nayo anataka vitu viwili kwa mpigo: ikipaki ikae chini kama imebandikwa, na ikiingia lami ichane.

Vyote viwili vinawezekana. Kinachowaponza wengi ni mpangilio. Pesa ya kwanza inakwenda kwenye rimu, ya pili kwenye ekzosi, ya tatu kwenye tabo, na breki zinakumbukwa siku gari linapogoma kusimama.

Wazee wa Safari walianzia wapi

Afrika Mashariki ina shule yake ya mambo haya, na ni ya zamani kuliko vijana wanaoshindana leo kwa ekzosi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ile ya mwanzo magari yalipangwa kwa bei yake ya dukani. Yalikuwa magari ya watu wa kawaida, sedani zilizokuwa zikionekana sokoni na kanisani.

Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544 ya mtumba, iliyokuwa imekimbizwa na timu ya kiwanda mwaka mmoja kabla. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Tanzania: Bert Shankland, akisomewa ramani na Chris Rothwell, alishinda kwa Peugeot 404, na mwaka 1967 wakarudia. Hiyo 404 ni ileile familia ya magari yaliyofanya kazi ya teksi katika miji ya ukanda huu, yenye injini ya lita 1.6 tu. Baadaye Shekhar Mehta wa Kenya akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun za familia ya Violet. Nazo zilikuwa sedani.

Magari hayo hayakushinda kwa kuwa na farasi wengi kuliko yote duniani. Yalishinda kwa sababu yalifika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mbio. Mengine yote yaliachwa njiani na matope, mawe, mito na vyuma vilivyokatika. Aliyejiandaa kwa Safari alitengeneza miguu ya gari, akaweka bamba la chuma chini ya sampo, akahakikisha rejeta inapooza, ndipo akaanza kuhangaika na injini.

Kukata springi ni kukata gari

Njia ya bei nafuu ya kushusha gari inajulikana kila gereji: springi inakatwa mzunguko mmoja au miwili kwa msumeno. Wengine wanaipasha moto kwa gesi mpaka inalegea. Gari linashuka siku hiyohiyo na picha zinapigwa.

Tatizo linaanza kesho yake. Springi fupi inakuwa ngumu zaidi, lakini safari yake ya kupanda na kushuka imepungua, kwa hiyo kila tuta linapigwa hadi mwisho. Shokapu iliyotengenezwa kwa urefu wa awali inafanya kazi ikiwa imebanwa, na inakufa mapema. Springi iliyochomwa inapoteza ugumu wake wa kiwandani, na hakuna anayejua itakatika lini. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake.

Tairi nalo linalia. Gari likishuka, magurudumu huinama kwa juu kuelekea ndani, na ukingo wa ndani wa tairi unalika wakati nje bado tairi linaonekana jipya. Ongeza rimu kubwa na hesabu inazidi kuwa mbaya. Tairi la 205/65R15 lina ukuta wa milimita 133 kati ya rimu na barabara. La 225/40R18 lina milimita 90. Hizo milimita 43 zilizopungua ndizo zilizokuwa zinapokea kipigo cha shimo. Sasa kinapokelewa na rimu.

Sedani nyingi za Kijapani hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya milimita 150 hivi chini ya tumbo, yaani kiasi cha urefu wa kalamu. Leo lami inafika Tabora kutokea Nzega na kutokea Manyoni kupitia Itigi, lakini kwenye vijiji kuna matuta, na nyumbani kwa mtu mara nyingi hakuna lami. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mtaro wa jana ni korongo la leo. Aliyejinyima nusu ya kalamu hiyo kwa msumeno hana namna ya kuirudisha.

Upepo una faida gani

Hapo ndipo upepo unapoingia, na kwa Tabora faida yake ni kinyume cha picha za mitandaoni. Kule watu wanasifia gari linaloshuka. Hapa la kusifia ni gari linaloweza kupanda.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957 ilitoka kiwandani ikiwa imekalia upepo. Toyota Celsior na Crown Majesta nazo zilipatikana hivyo. Na mabasi mengi makubwa yanayoingia stendi ya Tabora yamebebwa na mifuko ya upepo, ndiyo maana ukisimama jirani nalo unasikia likihema. Fundi anayehudumia mabasi anaijua kazi hii kuliko anavyodhani.

Kwa sedani, springi ya chuma inaondolewa na mahali pake unawekwa mfuko wa mpira mzito, mmoja kwa kila gurudumu. Kwenye buti inafungwa kompresa, tenki la upepo, valvu na mabomba yanayokwenda kwenye kila mfuko. Kompresa inajaza tenki hadi PSI 150 au 200, wakati tairi la sedani linajazwa 30 hadi 35 tu. Dereva anabonyeza swichi, upepo unaingia kwenye mfuko, gari linapanda, anautoa, linashuka. Kifurushi chote kinaweza kufika kilo 30, kiasi cha mzigo ambao mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kichwani au begani kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Buti likishambeba mpagazi huyo, gunia la mchele litafute pa kukaa.

Fundi makini anatoa bomba la kila mfuko peke yake. Mifuko ya kushoto na kulia ikiunganishwa kwa bomba moja, kwenye kona upepo unakimbia kutoka upande ulioelemewa kwenda upande mwepesi, na gari linalala kama mtumbwi. Anachagua pia kimo kimoja cha kuendeshea, kisha anapimisha alaimenti gari likiwa kwenye kimo hicho. Kulaza gari chini ni kwa ajili ya kupaki. Kulinyanyua juu kabisa ni kwa ajili ya korongo na tuta, polepole, kwa sababu likikimbizwa likiwa limenyanyuka hivyo, boljointi na shafti zinafanya kazi kwenye pembe ambayo hazikutengenezewa.

Vumbi, maji na nyaya

Maadui wa mfumo huu wanaishi Tabora mwaka mzima. Kiangazi ni vumbi: chujio la kompresa likiziba, kompresa inafanya kazi muda mrefu, inachemka na kuungua. Masika ni unyevu: hewa ikibanwa inatoa maji, maji yanatuama kwenye tenki, yanaozesha chuma na kugandisha valvu. Tenki linatakiwa lifunguliwe lichuruzike maji mara kwa mara, jinsi dereva wa lori anavyofanya na tenki zake za breki.

Umeme nao si wa kuchezea. Kompresa moja inaweza kula ampea 20 au zaidi. Waya mwembamba uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu unapata moto, na huo ni moto ndani ya gari lenye watu. Inatakiwa waya mnene, rilei, na fyuzi iliyo karibu na betri.

Kuvuja kunapimwa kama pancha: maji na povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kipimo cha pili ni rula. Jioni pima kutoka ukingo wa fenda hadi ardhini kwenye magurudumu yote manne, andika. Asubuhi pima tena. Kona iliyoshuka ndiyo inayovuja.

Na kwa ile saa nane ya usiku kuna kinga moja rahisi ambayo wengi hawaiweki. Kila bomba la mfuko lifungwe mdomo kama wa tairi. Kompresa ikifa, gari linanyanyuliwa kwa pampu ya mguu, ile inayojazia baiskeli. Ni jasho la dakika kadhaa, lakini gari linatoka uani.

Farasi waliobaki Dar

Sasa injini. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Mark II GX110 yenye injini ya 1G-FE ya lita 2 ilitajwa kiwandani kuwa na farasi 160. Ikifika Tabora, farasi kama 16 wamebaki pwani.

Tabo inaifidia hasara hiyo, kwa sababu inaisukuma hewa kuingia kwenye injini. Ndiyo maana 1JZ-GTE ya lita 2.5, iliyotoka na farasi 280 kwenye Mark II na Chaser za Tourer V, inaonewa wivu hata na mwenye Grande ya kawaida. Lakini nguvu ile haikuletwa na tabo peke yake. Kiwandani Tourer V ilipewa breki kubwa na upoozaji wa kuendana nayo. Kuchukua injini tu na kuacha breki za lita 2 ni kununua nusu ya gari.

Hesabu ya breki haina huruma. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini kazi ya breki imekuwa mara mbili na robo. Pedi na diski zilizochoka hazijui kwamba rangi ni mpya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakizeeka yanachemka mapema, kanyagio linazama hadi sakafuni. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni bei ndogo kuliko rimu moja.

Kwa hiyo mpangilio wa wazee unabaki vilevile. Kwanza bushi, boljointi na shokapu nzima. Pili matairi mazuri na breki. Tatu rejeta, feni na bamba la sampo. Nne upepo, kwa mwenye uwezo wa kuununua na subira ya kuutunza. Tano, nguvu za injini. Aliyefika namba tatu na pesa ikaisha bado ana gari zuri. Aliyeanzia namba tano na pesa ikaisha ana hatari yenye namba za usajili.

Karatasi nazo zina sauti. Kadi ya gari imeandikwa rangi, namba ya injini na ukubwa wake. Injini ikibadilishwa bila kadi kubadilishwa, maelezo yatatakiwa na trafiki barabarani, na tena na kampuni ya bima siku ya ajali, wakati ambao mwenye gari hana nguvu ya kujieleza.

Jumamosi gari litaoshwa, litalazwa chini ya mwembe, na vijana watalizunguka na simu zao. Ni haki yake. Lakini jioni, kabla ya kuingia ndani, mwenye nalo alinyanyue hadi kimo cha kuendeshea, apime fenda kwa rula, aangalie geji ya tenki, na pampu ya baiskeli aiache kwenye buti.