Kulijua Usilolijua

Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Hata hivyo, wako watu wazima wengi wadhanio kuwa kalamu na daftari ni mambo ya watoto, na kwamba mtu akishaota mvi au kupata cheo, basi wakati wake wa kujifunza umekwisha. Fikira hiyo huleta hasara kubwa.

Mfano mwema ni wa marehemu Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau. Utotoni hakubahatika kusoma. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo iliondoa karo katika shule za msingi, na Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mzee huyo aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, amevaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wenziwe.

Hakwenda kutafuta sifa. Alikuwa amejitazama na kuuona upungufu wake: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kuzihesabu fedha zake bila kumtegemea mtu. Hapo ndipo penye fundisho. Mtu asemaye tu kwamba anataka maendeleo hajui aanzie wapi. Lakini alijuaye hasa jambo linalomzuia amekwisha kuiona njia.

Septemba 2005 Mzee Maruge alifika New York, akazungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimpotezea mali na kumtia kambini pamoja na wakimbizi wengine. Lakini hata huko hakuiacha shule. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza elimu ya msingi, hali ameshajua kusoma.

Jambo hili lahusu pia nyumba za kambini. Askari anayesomewa barua na mwenziwe hana siri. Mama anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma huenda akaipoteza haki ya watoto wake. Hata aliyesoma anao upungufu wake: huyu hawezi kupanga matumizi ya mshahara, yule hajui kuandika taarifa iliyo wazi.

Basi yafaa kila mmoja achague jambo moja tu asilolijua, alitaje kwa jina, kisha alitengee nusu saa kila jioni baada ya chakula. Asione haya kumwuliza aliye chini yake kwa cheo, wala mtoto wake mwenyewe, kwani kuuliza si ujinga. Na walio nyumbani wasimcheke anayejaribu. Kicheko cha jamaa kimewafungisha wengi madaftari yao, hali ya kuwa neno moja la kutia moyo lingaliwafikisha mbali.